Kitambaa hakishiki maji: jiotekstaili kwenye mabwawa na bustani zetu huku Mwanza

Nianze na jibu kabisa maana hili swali naulizwa sana, sokoni, kwenye daladala, hata msibani juzi mzee mmoja kanivuta pembeni: hivi kitambaa cha jiotekstaili kinashika maji ya bwawa? Hapana, kile kitambaa hakishiki maji. Ukikitandika kwenye shimo ukajaza maji ukategemea kesho ukute sato wako wanaogelea, utakuta tope na kitambaa kilicholowa basi. Kazi yake ni kinyume kabisa na hiyo, kinapitisha maji na kinazuia udongo, na ukishalielewa hilo utajua mwenyewe wapi ukiweke na wapi unachoma hela tu.

Nasema hivi kwa sababu kuna jamaa yetu upande wa Kisesa alichimba bwawa zuri tu, kuta zimenyooka, kapanda na migomba pembeni, akaenda mjini akanunua rola zima la jiotekstaili, muuzaji kamwambia "hii ni ya mabwawa kaka". Na wala hakumdanganya, ni ya mabwawa kweli, ila inakaa CHINI ya laina, ile plastiki ya kushika maji, sio badala ya laina. Jamaa akatandika, akavuta maji ya kisima kwa pampu mchana kutwa, mafuta yanaungua, maji yanaingia yanashuka, yanaingia yanashuka, mpaka jioni mkewe akamuuliza "baba, hivi haya maji tunampelekea nani?" Udongo wenyewe kichanga kitupu, ulitegemea nini.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, ukipita kwenye ujenzi wa barabara ile kitu nyeupe au nyeusi wanayoitandaza kabla ya kumwaga mawe au moramu ndo yenyewe. Ziko aina mbili kubwa. Moja haijafumwa, nyuzi zimetupwa ovyo halafu zimechomwachomwa na masindano kiwandani mpaka zikashikana, ukiishika ni nene na laini kama blanketi. Nyingine imefumwa kwa vijitepe bapa vya plastiki, nyuzi zilezile za kiroba cha mchele, ngumu, nyembamba, haivutiki. Nyingi ni za polipropilini na nyingine poliesta. Ile nene inapitisha maji vizuri na inakinga laina isitoboke, ile ya kufumwa inabeba uzito na inakaba magugu. Na haikuanzia shambani, Waholanzi baada ya yale mafuriko ya bahari ya 1953 yaliyoua watu zaidi ya 1,800 walipoanza kujenga kingo zao upya walitumia mifuko ya nailoni iliyojazwa mchanga, halafu mwaka 1970 Wafaransa wakajenga bwawa la udongo la Valcros wakaweka kitambaa kisichofumwa kama chujio badala ya kupanga tabaka za mchanga. Jina jiotekstaili kalitoa mhandisi wao Jean-Pierre Giroud mwaka 1977. Kwa hiyo ni kitu cha wahandisi ambacho wakulima tumekidandia baadaye, na ndo maana wauzaji wengi wanakielezea kihandisi, mkulima anaondoka hajaelewa.

Sasa tuje kwetu. Wazee wa Kisukuma walishagawa udongo zamani kabla ya watu wa maabara hawajaja. Huku juu karibu na miamba ni luseni, kichanga chepesi kinachotokana na haya haya mawe yetu kumeguka, na ukishuka bondeni kabisa unakutana na mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa ndama unazama kwenye ufa, na ukilowa unanata gambuti linabaki we unatoka na soksi. Kabla hujauliza bei ya kitu chochote dukani jiulize uko wapi hapo. Kama hujui fanya lile jaribio la kizamani, chimba shimo la kimo cha kiuno, jaza maji asubuhi, jioni yatakuwa yameshuka hiyo ni kawaida, jaza tena mpaka juu, funika na majani au matawi, kesho yake asubuhi kaangalie. Yakiwa mengi bado yamo udongo wako unashika, yakiwa yamekwisha una luseni na hakuna maombi yatakayolijaza hilo bwawa.

Kama uko mbugani acha hela yako mfukoni. Kweli kabisa. Mfinyanzi ukiulowanisha ukaukanyaga vizuri, hata kwa ng'ombe kama mababu walivyokuwa wanafanya kwenye malambo, unajiziba wenyewe na hauhitaji laina wala kitambaa, na samaki wanafaidi tope maana kuna vijidudu na chakula cha asili kinaota humo. Angalizo ni moja tu, usiliache likae tupu kiangazi kizima likapasuka, maana hapo ukijaza tena unaanza upya kugombana na nyufa.

Luseni ndo kwenye kazi. Mabwawa yangu yako huko kwa hiyo naongelea ninachokijua. Unachimba kina cha mita 1 na kidogo mpaka mita 1.5, kuta usizisimamishe kama za choo, ziache zilale, kwa kila mita moja ya kushuka zitoke mbili kwenda nje. Unashindilia. Halafu inakuja sehemu ambayo watu wanairuka, kuokota mawe na mizizi. Mawe yetu yakimeguka yanaacha vichembe vyeupe vyenye makali, kidogo kama punje ya harage, vimejificha kwenye mchanga huvioni kabisa. Mi navua ndala natembea bwawa zima pekupeku taratibu toka kona mpaka kona, nyayo zinakwambia kila kitu, ukiruka na kusema "aii" hapo hapo chimbua hilo jiwe tupa nje. Unaweza kusema kakijiwe kadogo hako kana shida gani, sasa piga hesabu, maji ya kina cha mita 1.5 yanaikandamiza kila mita ya mraba ya laina kwa uzito wa tani 1 na nusu, mchana na usiku, na laina nyingi zinazouzwa kwa mabwawa madogo zina unene wa nusu milimita. Hako kakijiwe kanakaa pale kanasukumwa na tani 1 na nusu kana kazi moja tu ya kufanya.

Hapo ndo kitambaa kinaingia. Kile kinene kisichofumwa, unakitandaza juu ya udongo kabla ya laina, kijiwe ulichokisahau kinazama kwenye nyuzi badala ya kwenye plastiki. Panapokuwa laini natumia cha gramu 200 kwa mita ya mraba, panapokuwa na mawe mawe sishuki chini ya 300. Vipande vinapokutana vipandishane sentimita 30 hivi, huna haja ya kushona, na kile cha juu ya mteremko kimlalie cha chini ili ukivuta laina isije ikakikunja. Na fanya asubuhi mapema. Mchana upepo wa ziwa ukianza huwezi, kitambaa cha upana wa mita 5 kikishika upepo kinawabeba na vibarua wako, mtakimbizana nacho mpaka kwenye mihogo ya jirani. Weka viroba vya mchanga juu yake kila baada ya hatua chache. Laina nayo usiivute ikakaza, iache na mikunjo kidogo maana ile plastiki nyeusi jua likiipiga inatanuka na usiku inasinyaa, ukiikaza mchana itajivuta yenyewe usiku kwenye kona na kona ndo huwa zinaachia. Juu kabisa unachimba mfereji kuzunguka bwawa lote, kina cha goti hivi, unaingiza ncha za kitambaa na laina pamoja unafukia unashindilia.

Watu wanauliza siwezi kutumia mablanketi ya mtumba? Ya pamba hapana. Yanaoza, yakioza yanatoa gesi na yanaacha uwazi chini ya laina, halafu laina inabonyea pale. Zulia la zamani la nailoni au poliesta linafaa ukilipata safi, hasa kwenye bwawa dogo la nyumbani, mi sina neno nalo, ila likiwa na gundi ngumu nyuma iliyokauka ikawa na ncha basi umeweka mawe juu ya mawe.

Kuna faida ya pili ya kitambaa chini ya laina ambayo wauzaji hawaisemi kabisa na kwa watu wa kando ya ziwa ni kubwa kuliko hiyo ya mawe. Chini ya laina kuna mambo yanaendelea, mizizi iliyobaki inaoza inatoa gesi, na maji ya ardhini yanapanda na kushuka. Kitambaa kinene kinaacha njia, hewa na maji vinatembea ndani ya unene wake kwenda pembeni badala ya kukusanyika sehemu moja, ukiweka na vipaipu vichache vya kupumulia juu ya mteremko gesi inatoka zake. Rafiki yangu ana bwawa kule Luchelele, sio mbali na maji, ukichimba kimo cha mtu tu unakuta ziwa limeshafika. Bwawa likiwa limejaa hakuna shida, uzito wa maji unaikandamiza laina chini. Siku ya kuvuna akafungulia maji yatoke, yalipobaki ya magotini laina ikaanza kuinuka katikati polepole, unaona kabisa inavimba, mpaka ikawa kisiwa cheusi kinang'aa na sato wanateleza kwenda pembeni zote nne, watoto wanashangilia wanadaka kwa mikono na yeye kashika kichwa. Hayo ni maji ya ardhini yanasukuma toka chini baada ya kukosa uzito wa juu. Dawa yake ni kuweka chini kabisa bomba lenye matundu, limezungukwa na kokoto, na kokoto zimefungwa ndani ya kitambaa, linaishia kwenye kashimo pembeni, siku ya kuvuna unaweka pampu kwenye hako kashimo unashusha maji ya chini kwanza ndo unafungulia ya juu. Kule Luchelele sasa hivi ndo wanafanya hivyo. Mi nilimwambia pia kwamba kwa mtu aliye karibu na ziwa kiasi hicho ningefikiria tena kama laina inahitajika, ila hilo ni lake.

Dukani sasa. Karatasi inasema gramu 200, unajuaje ni 200? Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kipime kwenye mzani wa dijitali, zidisha mara nne. Kama ni ya 200 kweli kipande kinatakiwa kiwe na gramu 50. Nimeona cha "200" kikasoma gramu 31, yaani unalipia blanketi unapewa shuka, muuzaji mwenyewe alishangaa au alijifanya kushangaa. Halafu kimwagie maji, yapite hapo hapo. Kivute kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, kikiachia kama pamba ya godoro achana nacho.

Adui yake mkubwa ni jua. Polipropilini ikikaa juani bila kufunikwa inakauka, inakatikakatika, miezi tu inaweza kuwa unga unga, cheusi kinavumilia zaidi ya cheupe kwa sababu ya ile rangi ya kaboni lakini nacho sio milele. Kwa hiyo kizikwe chini ya laina, mchanga au mawe, pembeni pasibaki mkia unapepea. Viroba vya kawaida ndo vibaya zaidi, watu wanavitumia kujenga kingo za bwawa na mitaro, msimu mmoja wa jua vinachanika vinabaki nyuzi nyuzi, mvua ikija zinakwenda ziwani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya na samaki walionunuliwa hapa hapa Mwanza, sangara na sato, na walithibitisha vipande vidogo vya plastiki matumboni mwa samaki asilimia 20 kwa kila aina. Tulipigwa marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 tukazoea vikapu, sasa sio tuirudishe plastiki ziwani kupitia kingo za mabwawa ya samaki, itakuwa tunajilisha wenyewe.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote nilikiona kwa jirani, kuchuja uchafu wa bwawa kwa mfuko wa kitambaa hiki, na Marekani wafugaji wakubwa wa samaki aina ya trauti wanakifanya kwa mifuko mikubwa mno, sisi tunafanya kwa mdogo. Bwawa la laina halina tope la kumeza uchafu, kinyesi na mabaki ya chakula vinajikusanya katikati, usipovitoa, alfajiri samaki wanakuja juu wanahema midomo wazi kwa sababu hewa imekwisha. Wengi wananyonya ule uchafu wanauelekeza kwenye mtaro, mtaro unaelekea ziwani, halafu tunalalamika maji yamekuwa ya kijani. Jirani yangu alimpelekea fundi viatu kitambaa kinene akamshonea mfuko wa urefu wa mtu kwa uzi wa nailoni, mdomo unafungwa kwenye paipu ya pampu, mfuko umelazwa juu ya fito za miti kando ya migomba. Akiwasha, dakika za mwanzo maji yanayotoka kwenye mfuko ni kahawia tu, unaweza ukadhani haufanyi kazi, watu wengi wanakata tamaa hapo. Vuta subira. Tope lenyewe linaanza kujipaka ndani ya kitambaa, linakuwa chujio juu ya chujio, maji yanazidi kupungua rangi mpaka yanatoka ya chai nyepesi, na yanatoka taratibu zaidi, hapo unapunguza kasi ya pampu maana ukilazimisha mshono unapasuka. Wale wakubwa huwa wanaweka na dawa ya kugandisha uchafu kabla haujaingia, sisi hatuna, kwa hiyo kwetu kinapita kiasi, lakini kinapita kwenye migomba sio kwenye mtaro. Mfuko ukikauka wiki kadhaa unaufungua unakuta kitu cheusi kimekatika vipande vipande, nenda mwage kwenye mchicha uone.

Kosa moja linalofanana na hilo lakini halifai: kufunga kitambaa kwenye mdomo wa paipu ya kunyonyea maji ziwani eti kuchuja. Ziwa letu likiwa na ule ukijani, kitambaa kinaziba hata umwagiliaji haujashika kasi, pampu inanyonya hewa, inapata moto, kwaheri pampu. Na kwenye mitaro ya kutoa maji shambani vilevile usilivalishe bomba kitambaa moja kwa moja kama soksi udongo ukiwa na vumbi la mfinyanzi, panaziba. Tandika kitambaa kwenye mtaro mzima, weka kokoto, laza bomba, jaza kokoto tena, halafu kunja kitambaa juu kifunike ndo ufukie. Eneo la kuchujia linakuwa kubwa mno kuziba haraka.

Tuhamie bustanini, na hapa nawaongelea wa milimani, Bugarika, Igogo, Mabatini, wale ambao nyumba imekaa juu ya jiwe na bustani imekaa juu ya ukuta. Fundi anakujengea ukuta wa mawe mzuri, anakuachia na matundu ya kutolea maji, anajaza udongo nyuma, unapanda mchicha na chainizi. Inakuja mvua kubwa ya vuli, matundu yanatoa maji, na yanatoa na udongo, unaliona tope jekundu linachuruzika ukutani linaelekea kwa jirani wa chini na kutoka kwa jirani linaelekea Mto Mirongo na kutoka Mirongo ni ziwani. Baada ya misimu kadhaa nyuma ya ukuta pamekuwa uwazi, tuta lako limebonyea na ukuta unaanza kuegemea. Kipande cha kitambaa kinene nyuma ya ukuta, kokoto kidogo kati yake na mawe, maji yanatoka meupe udongo unabaki. Ni mita chache tu za kitambaa, gharama yake ukilinganisha na kujenga ukuta upya haifai hata kutajwa. Mafundi wengi hawakiweki kwa sababu hawaulizwi, kwa hiyo uliza kabla hajajaza udongo, akishajaza umechelewa.

Kwenye nyanya na hoho kile cha kufumwa ndo mchezo, kile cheusi chenye mistari. Unatandika juu ya tuta, mipira ya matone inapita chini yake, mvua na maji vinapita magugu hayapiti. Ndago ndo wanaonishangaza, ndago anatoboa nailoni ya kawaida ya kufunikia matuta bila hata jasho, ile ncha yake inatokea juu kama hajaona kitu, lakini kwenye cha kufumwa kizito wengi wanakwama chini. Matundu ya miche usikate na mkasi, nyuzi zitafumuka mpaka mwisho wa shamba, chukua kopo la nyanya tupu, lishike na koleo la waya, lipashe kwenye mkaa mpaka liwe jekundu, bandika sekunde moja, tundu la duara limetoka na kingo zimejifunga zenyewe. Moshi wake usiuvute, simama upande upepo unakotokea. Na mche mchanga usiuache uguse kingo, mchana wa Januari kile kitambaa cheusi kinaunguza shina, weka pumba za mpunga kidogo kuzunguka shina. Kidogo nimesema, ukimwaga pumba na udongo juu ya kitambaa kizima magugu yataota huko juu na mizizi yao itashuka ikajifuma kwenye kitambaa, kuyang'oa hapo ni kesi.

Wenye mashamba yanayogusa ziwa mnajua wenyewe, 2020 maji yalipanda, tukasema yameshuka, 2024 yakapanda tena zaidi, kingo zimeliwa na wengine migomba imebaki ndani ya maji. Mawe tunayo mpaka ya kugawa, watu wanayapanga ukingoni na msimu ujao mawe yamezama na ukingo umerudi nyuma. Sababu ni kwamba wimbi linapoingia kati ya mawe linatoka na udongo uliopo nyuma, kidogo kidogo, mpaka mawe yanakosa pa kukaa. Tandika kwanza kitambaa kinene kwenye mteremko, weka changarawe, halafu mawe makubwa juu, yawekwe yasidondoshwe toka juu maana yatakichana. Wimbi linatoka na maji tu. Lakini kabla hujaanza, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, kwa hiyo pita serikali ya mtaa na kwa watu wa mazingira halmashauri, usije ukajenga halafu ukaambiwa ubomoe. Na bwawa la samaki ndani ya hizo mita 60 sahau, weka mbali.

Njia ya kuingilia shambani sitasema sana, ni hivi, kama toyo inakwama kwenye mbuga kila mvua na kila mwaka unamwaga moramu inapotea, inapotea kwa sababu inazama kwenye tope na tope linapanda juu. Kitambaa cha kufumwa katikati, moramu juu, vinakaa kila kimoja kwake. Hiyo ndo kazi ile ile unayoiona barabarani.

Narudi bwawani kidogo kwa jambo ambalo limeniuma roho mara nyingi. Laina iliyolowa inateleza vibaya, ile mteremko ya plastiki yenye utelezi wa kijani mtu mzima haipandi, sembuse mtoto, sembuse mbuzi. Nusu ya mabwawa ninayotembelea hayana kitu cha kushika. Kitambaa cha kufumwa kinaweza kusaidia, kipande cha upana wa mita moja kilazwe toka juu kimefungwa vizuri kwenye kigingi mpaka kifike chini ya maji, mguu unashika pale, na kamba nene yenye mafundo pembeni yake. Weka angalau pande mbili za bwawa. Kitakula jua, utabadilisha, ni kipande tu. Kinasaidia pia kwenye kona ambazo kenge wanapenda kupandia, maana kucha za kenge kwenye laina ya nusu milimita ni habari nyingine, ingawa fisi maji na mnandi hao hawazuiliwi na kitambaa, hao ni neti na mbwa.

Ninachotaka kufanya vuli hii ni kwenye ule mteremko wa nje wa ukingo wa bwawa la pili ambapo mvua inachimba mifereji kila mwaka. Sitaweka plastiki pale. Mkonge upo umejipanga kwenye mipaka ya mashamba huku usukumani kila mahali na hakuna anayeushughulikia, na magunia ya katani na juti bado yanapatikana kwa wanaonunua choroko na dengu. Juti na katani ikitandikwa kwenye mteremko inashika udongo mpaka nyasi zishike mizizi, halafu inaoza yenyewe, na hapo kuoza ndo tunakokutaka. Nitafungua magunia yawe mashuka, niyapigilie na vijiti vya minyaa vilivyokauka, maana vibichi vitaota nipate ua katikati ya ukingo, na ukoka nitauchomeka kupitia matundu. Ukoka nimeshaomba kwa shemeji Usagara, kasema nije na panga langu mwenyewe.